Nguzo za chuma, sakafu ya mbao, bahari mita 300: nani yuko sahihi?

"Shikamoo mzee. Mimi na mume wangu tuna kiwanja Pangani, kama mita 300 kutoka baharini. Tunataka nyumba ya ghorofa moja ili juu tupate upepo. Fundi wa kuchomelea ametuchorea nguzo na bimu za chuma, sakafu ya juu na paa viwe vya mbao. Seremala wetu kakataa, anasema chuma na mbao havikai pamoja, chuma kinaozesha mbao. Shemeji anasema bora yote iwe chuma kwa sababu hakiungui na hakina mchwa. Jamaa yetu anayejenga Dar anasema tuache utani, tumwage zege. Kila mmoja ana uhakika. Tumsikilize nani? Na bafu letu tunalitaka juu."

Marahaba, mwanangu. Nilicheka kidogo pale uliposema kila mmoja ana uhakika. Mafundi ndivyo tulivyo. Nikilivua swali lako maneno, unauliza kama vitu viwili vyenye tabia tofauti vinaweza kubeba nyumba moja, tena kwenye hewa ya chumvi, bila kimoja kumwangusha mwenzake. Vinaweza. Ila nyumba ya namna hii haianzi kuharibika katikati ya bimu wala katikati ya ubao. Huanzia pale viwili vinapogusana, kwa hiyo mengi nitakayokuambia ni habari ya viungo.

Nianze na faida, maana seremala wako amekutisha. Ukiingia nyumba za zamani za Mji Mkongwe utaona vyumba virefu lakini vyembamba, upana wa mita mbili na nusu au tatu. Waliojenga hawakuchukia vyumba vipana. Boriti ya mkoko ndiyo iliyokuwa haifiki mbali zaidi. Chuma kilipoingia, mambo yalibadilika: jumba la Beit al-Ajaib la mwaka 1883, hapo hapo Mji Mkongwe, lina varanda pana zilizoshikwa na nguzo za chuma cha kalibu (kilichomiminwa kikiwa kimeyeyuka), na ndani yake mbao na chuma viko pamoja. (Ndiyo, sehemu yake ilianguka Desemba 2020, lakini jengo la umri ule ni mada ya siku nyingine.) Mgawanyo wa kazi ni uleule mpaka leo. Chuma kinavuka masafa marefu kwa umbo dogo, kwa sababu ukakamavu wake ni kama mara ishirini ya ule wa paini. Mbao inajaza katikati: nyepesi, inakatwa kwa msumeno wa mkono, na inabebwa na watu wawili bila winchi.

Wepesi huo una maana kwenye mfuko wako. Slabu ya zege ya sentimita 15 ina uzito wa kilo 360 hivi kwa kila mita ya mraba, kabla hujaweka kitanda. Sakafu ya mbao yenye boriti zake haifiki hata kilo 60. Watu na samani tunawakadiria kilo 150 kwa mita ya mraba katika nyumba ya kuishi. Yaani slabu inajibeba yenyewe kwanza, tena kwa uzito unaozidi mara mbili wa watakaoishi juu yake, na msingi wako kwenye mchanga wa pwani ndio unaolipia.

Sasa seremala. Amesema nusu ya ukweli, na nusu hiyo ameiona kwa macho yake. Ukichomoa msumari wa zamani kwenye mbao iliyolowa, utakuta mbao iliyouzunguka msumari ni nyeusi na laini kama tumbaku. Kutu inapotengenezwa, chembe za chuma huingia kwenye mbao na kuharakisha kuvunjika kwa nyuzi zake, na asidi ya mbao nayo inaharakisha kutu. Wanakulana. Lakini meza yao inaandaliwa na maji. Mbao iliyokauka chini ya asilimia 20 ya unyevu haiozi, na msumari ndani yake hudumu sana. Kwa hewa ya Pangani, mbao iliyofunikwa vizuri hutulia kwenye asilimia 14 mpaka 16, kwa hiyo uko upande salama, mradi maji ya mvua yasipate mahali pa kukaa. Mwambie seremala wako hivi: chuma hakiozeshi mbao, kinachoiozesha ni kikombe. Na fundi wa kuchomelea asipoangalia atakutengenezea vikombe kila mahali: bamba lenye kingo lililoinama juu, bomba la mraba lililoachwa wazi kichwani, nguzo iliyozikwa ardhini.

Kuna jambo moja ambalo seremala hakulitaja na lingempa haki zaidi. Paini nyingi mtakayouziwa inatoka Sao Hill kule Mufindi, na ile ya kijani imetiwa dawa yenye shaba. Shaba ikilowa ikagusa zinki, ile inayopakwa juu ya chuma kukikinga na kutu, zinki inaliwa upesi. Hivyo bolti za kung'aa za dukani, zile zinazometa kama vijiko vipya, ndani ya mbao yenye dawa na karibu na bahari, hazina maisha. Zinki yake ni nyembamba, mikroni 5 mpaka 10 tu (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Nitarudi kwenye namba hizo.

Shemeji naye nimwambie kwa heshima yake. Kweli chuma hakiwaki, lakini kinalegea. Kikifika nyuzi joto 600 hivi kinabaki na karibu nusu ya nguvu zake, na chumba kinachowaka kinapita joto hilo haraka. Bimu tupu isiyofunikwa kwa kawaida huhimili dakika 15 mpaka 20. Mbao nene huungua nje na kujitengenezea koti la mkaa, na mkaa huo unazuia joto lisiingie ndani. Paini inakwenda milimita 0.7 hivi kwa dakika, kwa hiyo nusu saa inakula milimita 20 kila upande ulio wazi. Boriti ya unene wa sentimita 15 bado ina kiini. Lakini usiwaruhusu wauza mbao wakunyweshe hesabu hiyo kwa mbao ya inchi 2: toa milimita 20 kushoto na 20 kulia kwenye milimita 50, umebakiwa na rula ya shule. Kwa nyumba yako jibu la moto ni dari ya jipsamu isiyo na matundu chini ya sakafu ya juu, inayofunika mbao na bimu za chuma kwa pamoja, na ngazi ambayo haipiti jikoni.

Mchwa je? Mchwa hali chuma, lakini anakipanda. Anajenga kijia chake cha udongo juu ya nguzo mpaka kwenye mbao kama vile anapanda mnazi. Faida ya nguzo ya chuma iliyo wazi ni kwamba kijia kinaonekana. Ukiifunika nguzo kwa tofali au mbao za urembo mpaka chini, umempa pazia.

Tufike kwenye viungo vyenyewe, na hapa naomba usome pamoja na mafundi wote wawili.

Chuma kinatembea kwa joto. Bimu ya mita 6 ikipata tofauti ya nyuzi 30 kati ya alfajiri na saa nane mchana inarefuka milimita 2 hivi. Ndiyo ule mlio unaousikia jioni kwenye majengo ya chuma, watu wakasema kuna jini. Mbao haijali sana joto. Inatembea kwa maji, na si kwa urefu bali kwa upana. Mbao ya inchi 2 kwa 8 iliyonunuliwa mbichi, ikikauka ndani ya nyumba mpaka asilimia 15, inapungua kimo kwa milimita 6 hivi. Urefu wake unabaki karibu uleule.

Milimita 6 unaiona ndogo. Nilikaguliwa nyumba moja, au tuseme nilikwenda kuikagua na wao wakanikagua mimi kwa macho, ambako boriti za sakafu ziliingizwa katikati ya bimu za umbo la I, uso wa mbao ukawa sawa kabisa na uso wa chuma. Kazi safi ya kupigia picha. Baada ya kiangazi kimoja mbao zilishuka, chuma kikabaki pale pale. Sakafu ikawa na tuta kila penye bimu kama barabara ya kijijini, na bibi wa nyumba alikuwa anajikwaa akiwa na chai. Dawa ingekuwa rahisi: acha uso wa boriti uwe juu ya chuma kwa milimita 10 mpaka 15, mbao za sakafu zisiguse chuma kabisa. Zikishuka, zinashuka kwenye nafasi.

Jambo la pili ni matundu ya bolti. Fundi wa kuchomelea atapenda bamba kubwa lenye bolti mbili, moja karibu na ukingo wa juu wa mbao na moja karibu na wa chini. Mbao inataka kupungua kati ya bolti hizo, bamba haliruhusu, basi inapasuka kwa urefu wake, tena mlio wake utausikia usiku. Bolti zikae karibu karibu upande unaobeba mzigo. Kama lazima kuwe na nyingine mbali, tundu lake kwenye bamba liwe la mviringo mrefu ili itembee. Boriti ikae juu ya rafu ya chuma, isining'inie kwa bolti peke yake, na mwisho wake uache sentimita moja kabla ya kugusa chuma, maana mwisho wa mbao ndio unaokunywa maji kama mrija. Kati ya mbao na chuma weka kipande cha felti ya lami. Na mwaka mmoja baadaye fundi arudi kukaza nati zote, kwa sababu mbao itakuwa imenywea chini ya washa za bolti. Liandikeni hilo kwenye makubaliano. Hakuna fundi anayerudi bila kuandikiwa.

Njia nzuri kuliko zote ni kununua mbao mapema. Paini ya inchi 2 ipangwe kivulini, juu ya matofali, vipande vyembamba vikitenganisha tabaka, upepo upite, miezi miwili au mitatu. Ukitaka uhakika, kata kipande katikati ya mbao, kipime kwenye mizani ya jikoni, kiweke kwenye ovena nyuzi 103 mpaka uzito usipungue tena. Uzito uliopotea ugawe kwa uzito mkavu. Ukipata 0.16, umefika. Wakati unakata, angalia dawa: ikiwa rangi iko kwenye ngozi tu na ndani ni nyeupe, hiyo ilichovywa kwenye pipa, haikusukumwa kwa mashine. Uko karibu na msitu wa misaji wa Longuza, Muheza, na msaji ni mbao nzuri mno, lakini ni kiini chake ndicho kinachodumu. Msaji mchanga wenye pembezoni nyeupe huliwa kama mbao nyingine yoyote. Mkongo, unaoitwa pia mbambakofi, ninaupenda kwa ngazi na vizingiti vinavyolowa. Popote ununuapo, dai risiti na kibali cha kusafirisha mazao ya misitu, usije ukanyang'anywa mzigo barabarani.

Sasa chumvi, na hizi ndizo namba nilizokuahidi. Chuma kinene kilichochovywa kwenye zinki ya moto kinapata tabaka la mikroni 85 hivi. Kwenye hewa ya pwani ya kawaida zinki hupotea mikroni 2 mpaka 4 kwa mwaka, na mahali pakali zaidi, 4 mpaka 8. Mita 300 kutoka majini mko mpakani mwa hizo mbili, kutegemea upepo na miti iliyo katikati. Piga hesabu mwenyewe: tabaka la mikroni 85 linaweza kukupa miaka 10 mahali pabaya kabisa, 20 mpaka 40 mahali pa kawaida. Bolti ya kung'aa yenye mikroni 5 inakupa mwaka mmoja au miwili. Kwa hiyo bolti za viungo muhimu ziwe zimechovywa kama chuma chenyewe, au ziwe za chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316. Daraja la 304 ni la jikoni.

Na hapa ndipo fundi wako wa kuchomelea atakasirika. Zinki na kuchomelea haviendani. Akichomelea juu ya zinki anaiunguza na kupumua moshi wake unaomletea homa, na mahali palipoungua ndipo kutu itakapoanzia. Kwa hiyo utaratibu unageuka: vipande vyote vikatwe, vitobolewe na kuchomelewa karakanani, kisha vichovywe, na kiwanjani vifungwe kwa bolti tu. Hii inadai mchoro wenye vipimo kamili kabla ya kukata. Fundi aliyezoea kupima kwa jicho na kuchomelea pale pale atasema haiwezekani. Inawezekana, ila si kwa jicho. Kama kuchovya hakupatikani, basi chuma kisuguliwe kwa mchanga wa mashine mpaka kiwe cheupe, kipigwe rangi ya kwanza yenye zinki nyingi, halafu rangi ya epoksi tabaka mbili. Redoksaidi moja, rangi ile nyekundu, iliyopakwa kwa brashi juu ya kutu, ile tunayoiona kila geti, ni vipodozi.

Bomba za mraba za milimita 1.5 ziache kwa mageti. Nguzo ya nyumba mahali kama hapo iwe na unene wa milimita 4 au zaidi, kichwa kimezibwa kwa kuchomelewa mzunguko mzima (lakini bomba litakalochovywa liachiwe matundu ya hewa, maana likizibwa pande zote linaweza kulipuka ndani ya zinki ya moto), na mguu wake umesimama juu ya kibao cha zege kilichoinuka angalau sentimita 15 kutoka ardhini, chenye mteremko wa kumwaga maji. Fundi umeme naye aunganishe fremu yote na athi, yaani waya unaopeleka umeme ardhini. Waya mmoja uliochubuka kwenye nyumba ya chuma unaifanya kila nguzo iwe na umeme.

Kuna upepo pia. Kimbunga Hidaya kilipokuja pwani yetu Mei 2024 kilitukumbusha kwamba hatuko salama kama tulivyozoea kusema. Nyumba ya zege inakaa kwa uzito wake. Yako ni nyepesi, upepo unaweza kuisukuma pembeni na kuinyonya paa juu. Fremu ya nguzo na bimu bila vyuma vya mshazari ni kama kitanda cha kamba kilicholegea: hakivunjiki, kinalala upande. Angalau kuta mbili kila upande ziwe na mshazari au ziwe za tofali zilizofungwa vizuri na fremu. Sakafu ya juu ipigiliwe plaiwudi kabla ya mbao za urembo ili iwe bamba moja. Na shika mnyororo mmoja usiokatika: bati limeshika papi (mbao zinazopigiliwa bati), papi zimeshika kenchi (fremu za paa), kenchi zimefungwa kwa vyuma kwenye bimu, bimu kwenye nguzo, nguzo kwenye msingi. Misumari peke yake kati ya kenchi na ukuta si kiungo.

Jamaa yako wa zege si mjinga. Zege analijua, mafundi wake wanalijua, na kosa dogo kwenye zege linasamehewa. Lakini akikuambia bahari haidhuru zege, mkatalie. Chumvi ikifika kwenye nondo, kutu inavimba na kulipasua zege kutoka ndani, hasa wakitumia mchanga wa ufukweni kwa sababu uko karibu na ni wa bure. Nusu ya ushauri wake ningeuchukua, na unahusu bafu.

Bafu juu ya sakafu ya mbao sitaki kukudanganya: linawezekana, na ni mahali pa kwanza patakapokusumbua. Bomba litavuja siku moja, utajua mwezi wa tatu baadaye, wakati boriti imeshalowa. Kama mnalitaka kweli juu, jengeni pembe moja ya nyumba kwa tofali na slabu ndogo ya zege, bafu la chini na la juu vipangane hapo pamoja na mabomba yote. Pembe hiyo pia itawasaidia dhidi ya upepo. Sehemu nyingine iwe kama fundi wenu alivyochora: bimu chache za chuma, boriti za mbao za inchi 2 kwa 8 kila sentimita 40, zisivuke zaidi ya mita 3 bila hesabu ya mhandisi, na paa la mbao. Hiyo ndiyo ningeijenga mimi. Bei sikutajii kwa sababu chuma kinapanda na kushuka, lakini unapolinganisha na zege, tia kwenye mizani gharama ya kuchovya, usafiri wa kwenda karakana na kurudi, na msingi mdogo zaidi. Wengi husahau hivyo vitatu halafu wanasema chuma kilikuwa ghali au rahisi.

Yapo nisiyoweza kuyafanya kwa barua. Udongo wenu unahitaji kuchimbwa mashimo na kuangaliwa, hasa kama maji yako karibu. Unene wa bimu na ukubwa wa miguu ya nguzo ni hesabu ya mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, aje kiwanjani, asaini mchoro, na mchoro huo ndio mtakaoombea kibali cha ujenzi halmashauri. Mwiteni tena mara mbili: fremu ikiwa karakanani kabla ya kuchovywa, aangalie michomeleo, na viungo vikiwa wazi kabla dari haijafunga. Mkiona bimu imeungwa vipande viwili katikati ya masafa, au nguzo imesimama nje ya bolti zake za msingi na fundi anataka kupanua tundu kwa moto, simamisheni kazi siku hiyo hiyo.

Na vipande vya mbao ya kijani vitakavyobaki, usiwape mama ntilie wa jirani wala msivitie jikoni. Dawa ile mara nyingi ina aseniki, na moshi na majivu yake ni sumu. Vifukieni mbali na kisima.